Wakolosai 2:23: hiyo "plesmone" ni tamaa au ni shibe?

#1 MwanaKoine
Wakuu, salaam. Biblia ya Union inafunga Wakolosai sura ya 2 hivi: "lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili." Sasa fungua Kigiriki: *ouk en timē tini pros plēsmonēn tēs sarkos*, neno kwa neno "si katika heshima yoyote kwa shibe ya mwili". Neno "kuzuia" halimo. "Tamaa" nayo haimo. Tamaa kwa Kigiriki cha Agano Jipya ni *epithumia*, na mwandishi huyu analijua neno hilo vizuri kwa sababu analitumia aya chache tu mbele, 3:5, "tamaa mbaya".

Alichoandika hapa ni *plēsmonē* (πλησμονή), yaani hali ya mtu aliyekula akajaa. Mwenye tamaa bado anataka. Mwenye plesmone amekwisha pata. Ni mambo mawili yanayopishana mlangoni. Dai langu: tafsiri zetu zimebadilisha shibe kuwa njaa, na hoja nzima ya sura imepoteza meno. Nangoja hoja zenu.

#2 Shemasi_K
Mkuu, plesmone si ndiyo ile ile *plērōma*, "utimilifu", ya 2:9? Kama ni hiyo basi fumbo limeisha.

#3 Kalamu ya Mwanzi
#2 hapana. Ni ndugu wa ukoo mmoja, si neno moja. Shina lao la mbali ni *plē-*, kujaa. Lakini plērōma linatokana na kitenzi *plēroō*, kutimiza, kukamilisha. Plesmone liko upande wa *pimplēmi*, kujaza, kama tumbo au ghala. Mwisho wake *-monē* unaupata pia katika *peismonē* (Wagalatia 5:8) na *epilēsmonē*, usahaulifu (Yakobo 1:25). Hayo matatu kila moja limetokea mara moja tu katika Agano Jipya.

Wanaotumia namba za Strong (orodha inayolipa kila neno la asili la Biblia namba yake): plērōma ni 4138, plesmone ni 4140. Ni rahisi kuteleza kwa sababu zinakaribiana. Ukiandika katika programu ya Biblia tafuta πλησμον- bila mwisho, vinginevyo utapata mnyambuliko mmoja tu. Linafuata *phōnē*: plēsmonē, plēsmonēs, plēsmonēn.

#4 Shemasi_K
Asante, nimesahihishwa. Lakini Luka 6:25, "ole wenu ninyi ambao mmeshiba sasa", hapo je?

#5 Kalamu ya Mwanzi
Hapo ni kitenzi *empimplēmi*, jamaa wa karibu. Agano Jipya lina kabati zima la kushiba na Kiswahili kinatupa neno moja kwa yote. *Chortazō* ni la wale elfu tano na la mwana mpotevu aliyetamani maganda. Asili yake ni kulisha mifugo majani, *chortos*. *Korennumi* ni la mabaharia wa Matendo 27:38 waliokula kisha wakaitupa ngano baharini, na Paulo analitumia kuwachoma Wakorintho: "mmekwisha kushiba" (1 Kor 4:8). Plesmone ni hapa tu.

#6 Mama Lidia
Nakubaliana na #1 nusu. Kwamba neno lina maana ya shibe, sawa. Lakini usiwaonee watafsiri wa Union, hawakuzua. Tatizo lao lilikuwa *pros*. Kihusishi hiki pamoja na akuzativu (umbo la nomino la yambwa) chaweza kuwa "kuelekea", "kwa ajili ya", na pia "dhidi ya". Waefeso 6:12 kushindana kwetu si *pros* damu na nyama, yaani dhidi yake. Matendo 6:1 manung'uniko ya Wayunani *pros* Waebrania.

J. B. Lightfoot katika ufafanuzi wake wa Wakolosai wa 1875 alikwenda mbali zaidi: akakusanya mifano kutoka kwa waganga wa Kigiriki, Galen akiwamo, ambako dawa huitwa nzuri *pros* ugonjwa fulani, maana yake ni ya kuuondoa. Miaka michache baadaye Agano Jipya la Kiingereza lililosahihishwa, la 1881, likaandika "hayana thamani yoyote dhidi ya" kuendekeza mwili. Tafsiri nyingi za karne ya 20 zimefuata njia hiyo, na zetu zimo.

Na sisi tusijifanye tunashangaa. Tunasema "dawa ya kikohozi", na hakuna mtu anayedhani kwamba inaleta kikohozi. Kile ki-"ya" kinabeba mzigo ule ule wa pros. Msikilizaji anajua kwa sababu ametaja ugonjwa.

#7 MwanaKoine
Mfano wa kikohozi ni mzuri, nauchukua. Lakini unafanya kazi pale tu neno la pili linapojulikana kuwa ugonjwa. Je, shibe ni ugonjwa? Katika Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, mara nyingi ni baraka. Walawi 25:19 na 26:5, Mungu anaahidi kwamba watakula mkate *eis plēsmonēn*, na kukaa salama. Hagai 1:6, laana ni kula *bila* kufika plesmone: "mnakula, lakini hamshibi." Mithali 3:10, maghala yaliyojaa plesmone ya nafaka. Mtu aliyekulia Septuaginta akisikia neno hili hakunji uso.

#8 Mpiga Vokali
Umechagua upande mmoja wa sahani. Ongeza hizi:

Ezekieli 16:49, kosa la Sodoma: kiburi *en plēsmonē artōn*, katika kushiba mikate, wala hakuutia nguvu mkono wa maskini.
Hosea 13:6, walishiba *eis plēsmonēn*, na mioyo yao ikainuka.
Isaya 56:11, wachungaji ambao ni mbwa wasiojua plesmone.
Mithali 27:7, nafsi iliyo katika plesmone inalidharau sega la asali.
Kutoka 16:3, wanakumbuka sufuria za nyama za Misri walipokula mikate *eis plēsmonēn*.

Ukizikusanya zote utaona neno halina rangi. Linataja kujaa, kisha muktadha unasema kama ni heri au shari. Anayetafuta mwenyewe akumbuke Zaburi za Septuaginta zimerudi nyuma namba moja sehemu kubwa. Ile mana ya Zaburi 78:25 utaipata 77:25. Wengi wanakwama hapo wakadhani programu imekosea.

#9 Mswahili wa Maskati
Salaam kutoka Ghuba. Hamjataja kilicho puani mwetu. Katika vifungu vingi vya #7 na #8, chini ya plesmone kuna Kiebrania *sova*, shibe, na ndugu zake, mzizi wa sin-bet-ayin. Kiarabu chake ni *shabiʿa*, na hapo ndipo Kiswahili kilipochukua "shiba". Yaani msomaji wa Kiswahili ana mkononi neno la damu moja na lile ambalo watafsiri wa Septuaginta kule Aleksandria walikuwa wanalitazama. Biblia ya Kiarabu ya Van Dyck (1865) imeliacha hivyo hivyo Wakolosai 2:23: *ishbāʿ al-bashariyya*, kuushibisha ubinadamu. Sisi tulikuwa na "kuushibisha mwili" bure kabisa tukaenda kuazima "tamaa".

#10 Bin Nahau
#9 hapo umenipata. Ila Kiswahili kina ngazi tatu na wewe umetaja moja. Kushiba, kukinai, kuvimbiwa. Aliyeshiba anashukuru. Aliyekinai hataki hata kuona. Aliyevimbiwa anaumwa tumbo, na mtaani ni pia mtu aliyepata fedha akaanza kuwatazama wenzake kwa juu. Hosea 13:6 ni kuvimbiwa kitupu: walikula, moyo ukapanda. Na wahenga walishamaliza: *shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.* Shibe inalevya. Ningekuwa kwenye meza ya tafsiri ningetafuta neno kwenye ngazi ya tatu.

#11 Mswahili wa Maskati
Kukinai nalo ni la kwetu, *qanāʿa*, ila Kiarabu kimebaki na kuridhika na Kiswahili kimeteremka hadi kichefuchefu. Kuvimbiwa nakuachia, hilo ni la Kibantu.

#12 Tabibu wa Maneno
Naongeza upande wa utabibu, kwa kuwa #7 ameuliza kama shibe ni ugonjwa. Kwa madaktari wa Kigiriki, ndiyo, ni chanzo cha magonjwa. Aforismi za Hipokrate, 2:22: maradhi yanayotokana na plesmone hutibiwa kwa *kenōsis*, kumwaga, na yanayotokana na kenosis hutibiwa kwa plesmone. Ni kanuni ya kutibu kwa kinyume chake. Kenosis hapo ni kuharisha, kutapika, kutoa damu, kufunga kula. Aforismi 2:4 inasema wala plesmone wala njaa si njema ikizidi kipimo cha maumbile. Plato naye katika Simposio (186c) anamfanya tabibu Eriksimako aueleze uganga kuwa ni elimu ya matamanio ya mwili *pros plēsmonēn kai kenōsin*. Angalieni, ni pros plesmonen ile ile, neno kwa neno.

Sasa rudi 2:23. *Apheidia sōmatos*, kutouhurumia mwili, ni kenosis ya kujitakia: kufunga, kujinyima. Mwandishi anasema tiba hiyo haina thamani kwa ugonjwa wa plesmone. Na barua inapita Laodikia, palipokuwa na chuo mashuhuri cha utabibu, na 4:14 inamtaja "Luka, yule tabibu mpendwa". Lightfoot alikuwa sahihi.

#13 Kalamu ya Mwanzi
Sahihisho dogo: Strabo (12.8.20) hakiweki hicho chuo ndani ya Laodikia. Anasema kilikuwa kati ya Laodikia na Karura, kwenye hekalu la Men Karu, chini ya Zeuksi wa wafuasi wa Herofilo. Karura iko upande wa magharibi, Kolosai upande wa mashariki. Si mbali, lakini si jirani wa ukuta mmoja.

#14 Mama Lidia
Na #12, Plato anakudhuru badala ya kukusaidia. Pale pros plesmonen si "dhidi ya plesmone", ni "kuhusu kujaa na kutoka". Nilitetea pros ya dawa lakini sitaki itetewe kwa ushahidi unaovuta upande wa pili. Hata 1 Timotheo 4:8, mazoezi ya mwili hufaa *pros oligon*, kwa kitu kidogo. Pros baada ya neno la manufaa inaelekea "kwa ajili ya".

#15 Tabibu wa Maneno
Nakubali kuhusu Plato. Hipokrate hamumgusi.

#16 Jongoo wa Maktaba
Nimefika kwa mwendo wangu. Mnabishana juu ya plesmone na pros, na *timē* mmeipita kama jiwe la njiani. Wasomaji ambao Kigiriki kilikuwa lugha ya mama hawakusikia "dhidi ya". Chrysostom, mmoja wa mababa wa Kanisa, katika mahubiri yake juu ya Wakolosai anasema Mungu aliupa mwili heshima, hawa hawautendei kwa heshima. Kwake timē ni heshima ya mwili, na plesmone ni haki yake: chakula kinachotosha. Sentensi inakuwa: wanautesa mwili, hawaupi heshima ile ya kushiba inavyoustahili. Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, inafuata maneno bila kuamua, *non in honore aliquo ad saturitatem carnis*. Luther amekwenda na mababa waziwazi: hawaupi mwili heshima yake kwa *Notdurft* yake, mahitaji yake. King James ya 1611 inabaki na "honour" na "satisfying".

Kwa hiyo "kuzuia tamaa" ndiyo changa hapa.

#17 Mpiga Vokali
Hoja ya mababa nzuri hadi ufike kwenye *sarx*. Mwandishi ana maneno mawili ndani ya aya moja: *apheidia sōmatos*, kisha *plēsmonē sarkos*. Sōma ni mwili huu wa kawaida. Kama alitaka kutetea chakula cha mwili, angerudia sōma. Sarx katika sura hii ni kitu kibaya: 2:11 inavuliwa, na 2:18 mtu anajivuna kwa "akili zake za kimwili", *tou noos tēs sarkos*. Huwezi kuipa sarx ya 2:18 kiburi halafu aya tano mbele uiandalie ugali kwa heshima.

Hapa Kiswahili kinatuumiza kweli. Union ina "mwili" kwa sōma na "mwili" kwa sarx. Msomaji anaona mwili ukitawaliwa na mwili ukiwa na tamaa, hajui ni vitu viwili.

#18 Bin Nahau
Basi #17 umenirudishia kuvimbiwa kwangu. 2:18 *phusioumenos*, amefura, amejaa upepo. 2:23 plesmone ya sarx. Ni mtu yule yule. Anafunga, hali, hagusi, tumbo tupu, lakini nafsi imevimbiwa kwa sifa ya kufunga.

#19 Kalamu ya Mwanzi
Hicho si utani, kina sarufi nyuma yake. Bruce Hollenbach alikitetea katika jarida la New Testament Studies mwaka 1979. Hatua ni hizi. Aya inaanza *hatina estin logon men echonta sophias*. Kuna *men*, "kwa upande mmoja", na kwa kawaida unangoja *de*, "lakini", ije kujibu, hapa haiji. Wengi wanasoma *estin … echonta* kama kitenzi kimoja, "yana sifa ya hekima". Ukitenganisha, *estin* inabaki peke yake hadi ikutane na *pros plēsmonēn tēs sarkos*: "mambo hayo ni ya kuishibisha sarx". Kila kilicho katikati, kuanzia "yana sifa ya hekima" hadi "si katika heshima yoyote", ni maneno ya pembeni, ya kukubali kidogo kabla ya kupiga. Pros inarudi kwenye maana yake ya kawaida, plesmone inarudi shibe, na huhitaji "kuzuia" ya kukopa.

Penye udhaifu: estin na kijalizo chake vimeachana mbali mno, maneno kama kumi na tano. Msikilizaji wa barua inayosomwa kwa sauti angelishikaje hilo?

#20 Jongoo wa Maktaba
Na maandishi yenyewe hayajatulia. Kabla ya *apheidia* kuna "na" (*kai*) katika nakala za kale za mkono ziitwazo Sinaitiko na Aleksandrino. Haimo katika P46, nakala ya mafunjo ya mnamo mwaka 200, wala katika ile ya Vatikano. Nestle-Aland, toleo la Kigiriki linalotumiwa na wasomi, wameitia mabano. Ikiondoka, kuutesa mwili si kitu cha tatu tena kwenye orodha. Ndiyo njia ya hivyo viwili, ibada ya kujitungia na unyenyekevu. Sentensi inakaza upande mmoja hata kabla ya kufika plesmone. Aya hii moja ina maneno matatu yasiyopatikana kwingine katika Agano Jipya: *ethelothrēskia*, *apheidia*, *plēsmonē*. Si ajabu imechosha watu.

#21 Shemasi_K
Swali la vitendo wakuu. Jumapili aya hii inatumika kuwaambia watu kufunga hakufai kitu. Kwa maelezo yenu ni sahihi?

#22 Mama Lidia
Hakuna usomaji hata mmoja kati ya hii mitatu unaosema hivyo. Kinachopigwa ni amri za 2:21, "Msishike, msionje, msiguse", zikifanywa sharti la kukamilika. 2:10 wamekwisha "kutimilika katika yeye". Anayehubiri aanze na 2:9-10, plērōma, ndipo ateremke hadi plesmone. Ujazo mmoja wanapewa, ujazo mwingine wanajitengenezea.

#23 MwanaKoine
Hiyo jozi ya plērōma na plesmone ndiyo iliyonifanya nifungue uzi, nashukuru imetajwa. #2 hakukosea bure. Na kama mwandishi alitaka "anasa" tu, kabati lilikuwa na *truphaō* na *spatalaō*. Yakobo 5:5 ameyaweka yote mawili sentensi moja. Kwa ulafi wa karamu kuna *kraipalē*, Luka 21:34. Alichagua neno la kujaa katika barua iliyojaa maneno ya kujaa.

#24 Tabibu wa Maneno
Ila shibe na anasa hazikuwa mbalimbali kwa masikio ya Kigiriki. Kuna mstari wa Euripides aliouhifadhi Athenaios: *en plēsmonē toi Kupris*, Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi, yumo katika shibe, kwa mwenye njaa hayumo. Tumbo likijaa, tamaa nyingine zinaamka. Kwa hiyo "tamaa za mwili" ya Union si mbali kama #1 anavyotaka. Wamerukia matokeo tu.

#25 MwanaKoine
Kurukia matokeo ndiyo lawama yangu yenyewe.

#26 Mswahili wa Maskati
Naleta kingine, mkitupe au mkitunze. Isaya 1:14 katika Septuaginta: *egenēthēte moi eis plēsmonēn*, mmekuwa kwangu plesmone. Kiebrania kina *torach*, mzigo, ndiyo maana Union ina "kulemea". Mtafsiri wa Kigiriki ameweka shibe, kwa maana ya ngazi ya pili ya #10: mmenikinaisha. Na ni nini kilichomkinaisha Mungu? Tazameni orodha ya 1:13-14: mwezi mwandamo, sabato, kufunga, sikukuu. Sasa soma Wakolosai 2:16: sikukuu, mwandamo wa mwezi, sabato. Na 2:22, "maagizo na mafundisho ya wanadamu", ni maneno ya Isaya 29:13 ya Septuaginta. Mwandishi alikuwa na Isaya wazi mezani. Ibada iliyojaa hadi inakinaisha.

#27 Mpiga Vokali
Orodha ya sikukuu, miezi na sabato iko pia Hosea 2:11 na Ezekieli 45:17, si mali ya Isaya peke yake. Na Isaya 1:14 anayekinai ni Mungu. 2:23 inayoshiba ni sarx. Umebadilisha mlaji.

#28 Mswahili wa Maskati
Mlaji nimembadilisha, nakiri. Plesmone ikikaa karibu na orodha hiyo na pia na kufunga, bado ni Isaya tu.

#29 Bin Nahau
Mapendekezo ya tafsiri basi, kila mtu na yake, tuyaone yamesimama. Langu: "yanaonekana ya hekima … kumbe hayana heshima yoyote, yanaivimbisha tu nafsi ya kimwili."

#30 Mama Lidia
"… lakini si dawa ya shibe ya mwili." Nimeiacha "ya" ibebe utata wake kama pros.

#31 Jongoo wa Maktaba
"… wala hayaupi mwili heshima ya kushiba." #17 atapiga kelele kuhusu sarx, najua.

#32 Mpiga Vokali
Napiga.

#33 Kalamu ya Mwanzi
Kabla hamjafunga daftari, Habakuki 2:16 ya Septuaginta: *plēsmonēn atimias ek doxēs pie*, kunywa shibe ya fedheha badala ya utukufu. Plesmone na *atimia* bega kwa bega. Wakolosai ina *ouk en timē* kisha plēsmonē. Sijaona mmoja wenu akiipima, na hapo timē haiwezi kuwa "thamani" ya Mama Lidia hata kidogo. Ni heshima, na kinyume chake ni aibu. Jongoo, hii ni yako au ya Bin Nahau?